Masuali ya Wasomaji: Dubu, Mbwa Mwitu na Bonde la Lamar

Mwezi uliopita tulitoa picha ya dubu jike na watoto wake wakikatisha Bonde la Lamar, kwenye hifadhi ya Yellowstone kule Marekani. Tulidhani watu wataangalia wageuze ukurasa basi. Kumbe! Masuali yamekuja kutoka Unguja na Pemba, mengine ya maana, mengine ya mzaha, na mmoja kauliza dubu analiwa (hilo kamuulize sheikh wako, mie simo). Haya ndo nimeona niyajibu.

Assalaam alaykum. Mwanangu anasoma Bozeman, Montana, na mwezi wa Mei inshallah nakwenda kumuona. Kanambia atanipeleka bonde la dubu na mbwa mwitu. Nikamuuliza kuna uzio, akacheka. Nikamuuliza kuna askari mwenye bunduki atakayekaa na sisi, akacheka tena. Mie mtu wa Wete, mnyama mkali nnayemjua ni nge. Niende nisende? — Bi Mkubwa, Wete

Wa alaykum salaam bi mkubwa. Nenda, tena usisite. Mwanao kacheka kwa sababu kweli hakuna uzio, wanyama wanakwenda watakako, na askari wa hifadhi wapo lakini kazi yao kubwa ni kuwachunga watu sio kumchunga dubu. Kinachokulinda pale ni umbali. Sheria yao inasema dubu au mbwa mwitu (wolf wa kule, sio yule wetu mwenye mabaka) usiwe karibu naye chini ya mita 91, baisoni na elki (paa wao yule mkubwa mwenye mapembe) mita 23, na huo ndo mpaka wa mwisho, maana mara nyingi utakayemuona yuko kilomita moja au mbili ng'ambo ya mto na wewe umesimama kando ya barabara na darubini. Kwa hesabu za hifadhi yenyewe, kujeruhiwa na dubu aina ya grizzly ni kama mara 1 katika ziara milioni 2.7. Mbwa mwitu ndo kabisa, akiona mtu anajitenga. Anayeumiza watu zaidi kule ni baisoni, yule mfano wa nyati mwenye manyoya, kwa sababu anaonekana mpole, kasimama anakula majani yake, basi mtu anasogea apige selfi, na dume lile linakaribia tani moja na mbio linazo. Muogope huyo kabla hujamuogopa dubu.

Mei umelenga hasa. Dubu wameshaamka, madume huanza kutoka mapangoni mwezi wa Machi, majike wenye watoto wachanga wakafuata Aprili mpaka Mei, wote wana njaa ya miezi, na juu milimani bado kuna theluji kwa hivyo chakula kiko chini bondeni: majani mapya, mizoga ya wanyama waliokufa na baridi, halafu mwisho wa Mei elki wanaanza kuzaa na dubu anapita kwenye majani anatafuta vitoto kama aliyeangusha kitu. Haipendezi kuiona, nakwambia mapema. Mbwa mwitu nao wamezaa Aprili, wana vitoto pangoni, kwa hivyo wakubwa wanawinda na kurudi pale pale, na hiyo inawasaidia sana wanaowatafuta.

Sasa muda. Mwambie mwanao mlale Gardiner, mji mdogo kwenye mlango wa kaskazini, msitoke Bozeman siku hiyo hiyo. Kutoka Gardiner barabara inapita Mammoth inakwenda mpaka Cooke City na ndiyo barabara ya hifadhi iliyo wazi kwa magari mwaka mzima, na bonde liko njiani. Mfike kabla jua halijatoka. Wanyama hawa ni wa alfajiri na jioni, mchana wanalala, na watu wanaofika saa nne asubuhi baada ya chai na mayai wanaona majani tu halafu wanakwenda kusema hakuna kitu. Mwisho wa Mei kule jua linatoka kabla ya saa 12 asubuhi na linazama karibu saa 3 za usiku, kwa hivyo subuhi utaiswali mapema mno na maghrib utaingoja mpaka usingizi ukushike. Nguo: jaketi zito, kofia, glovu, soksi mbili. Bonde liko kama mita 2,000 juu, theluji Mei inaweza kuanguka, na sie tuliozowea usawa wa bahari pumzi inakata ukipanda hata kilima kidogo. Kama una presha zungumza na daktari wako kabla ya safari.

Na utawaonaje? Usizunguke na gari. Hili ndo kosa kubwa na ndo nnalotaka ulishike kuliko yote niliyosema, wageni wengi wanaendesha kwenda na kurudi kutwa nzima wakitegemea mnyama akatishe mbele ya bonti, wakati wenyeji wamepaki pahala pamoja, wamesimamisha darubini zao za miguu mitatu, wametulia na chupa ya kahawa. Tafuta hao. Paki pembeni palipotengenezwa, si katikati ya njia, funga mlango taratibu, wasalimie, ulize wanaona nini. Wengi watakupa uchungulie darubini yao bila ya kuwaomba. Ni kama kuutafuta mwezi wa Idi juu ya paa, mnakodoa macho kwenye weupe mtupu, mmoja anasema nauona, wapi, pale juu ya mnazi, kulia kidogo, na ghafla nawe unauona na hujui ulikuwa unashindwa vipi. Angalia na ndege pia. Kunguru wa kule ni wakubwa weusi tititi, sio hawa wezi wetu wa Darajani, na wakizunguka pahala pamoja jua chini kuna mzoga, na kwenye mzoga mbwa mwitu wanakuwepo, na dubu akinusa anakuja kuwanyang'anya. Ukikuta hayo kaa hapo hapo usiondoke hata njaa ikuume.

Kwa kusimama kando ya barabara huhitaji zaidi ya hayo. Mkitaka kutembea porini muwe watu watatu au zaidi, mpige soga kwa sauti ili dubu ajue mnakuja, na kila mtu awe na spre ya pilipili ya dubu kiunoni, sio ndani ya mkoba. Hiyo inanunuliwa kule kule, kwenye ndege hairuhusiwi. Na dubu ukimuona karibu usikimbie, yeye anafika kilomita 56 kwa saa, wewe na baibui lako mtafika wapi?

Mambo vipi. Nina simu kamera kali kabisa, inazumu mara 30. Itatosha kupiga mbwa mwitu? — Kijana wa Michenzani

Haitoshi kaka. Utapata kidoto cheusi kwenye kijani halafu utakizungushia duara jekundu uwaambie wenzio ndo yule. Ila kuna ujanja: kuna vishikizo vya kufungia simu kwenye kioo cha darubini kubwa, unapiga kupitia hapo, picha inatoka ya kueleweka na video ndo nzuri zaidi. Kama unachagua cha kununua, nunua darubini ya mkono ya 10 kwa 42 (inavuta mara 10, kioo cha mbele milimita 42) kwanza, kamera baadae. Macho yako yaone kabla ya simu.

Nimeona video wanasema "dubu mweusi" na mnyama mwenyewe ni hudhurungi kabisa. Wanatudanganya? — Mwalimu, Chake Chake

Hawadanganyi maalim. Dubu mweusi ni jina la aina yake tu, rangi wanayo ya kila namna, na Yellowstone kama nusu yao ndo weusi kweli, waliobaki ni hudhurungi na wengine wanakaribia rangi ya asali. Kwa hivyo rangi iweke pembeni. Muangalie bega: grizzly ana nundu ya misuli juu ya mabega, yule anachimba sana, mweusi hana. Uso wa grizzly umebonyea kidogo kati ya paji na pua, wa mweusi umenyooka. Masikio ya grizzly mafupi ya duara, ya mwenzake marefu yamesimama. Ukiona dubu mkubwa juu kabisa ya mti, kuna uwezekano mkubwa ni mweusi.

Na madhali uko hapo, usichanganye mbwa mwitu na kayoti. Kila mgeni anapiga kelele "mbwa mwitu!" na ni kayoti, kijimnyama cha kilo 10 mpaka 16 hivi chenye pua nyembamba na masikio makubwa. Mbwa mwitu ana kilo 40 na kitu mpaka 60, miguu mirefu, kichwa kizito, na hata kwa mbali mwendo wake unamjua. Wale mbwa mwitu wetu wa Hifadhi ya Nyerere na Ruaha, wenye mabaka na masikio ya duara, ni mnyama mwengine kabisa, ukoo wa mbali tu.

Mimi natembeza wageni Jozani. Mgeni mmoja kanambia mbwa mwitu wa Yellowstone waliletwa na serikali baada ya kuuliwa wote na serikali hiyo hiyo. Nikacheka nikadhani ni stori za wageni. Kweli? — Mtembeza wageni, Jozani

Kweli tupu, na wewe wa Jozani ndo ungepaswa kuielewa haraka kuliko mtu yeyote. Yellowstone ilitangazwa hifadhi mwaka 1872, lakini kuhifadhi kwa wakati ule ilikuwa kuwahifadhi elki na baisoni, mla nyama alihesabiwa mwizi, basi wakapigwa risasi, wakategwa, wakatiliwa sumu, na askari wa hifadhi wenyewe wamo kwenye kazi. Vitoto viwili vya mwisho viliuliwa mwaka 1926 karibu na Soda Butte, ambayo iko jirani kabisa na bonde hili hili la Lamar watu wanalosimamisha darubini zao leo.

Sie tulikuwa na chui wetu wa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 palikuwa na kampeni ya kuwaua, watu wakiamini wanafugwa na wachawi, na kilichobaki sasa ni ngozi ya makumbusho na hadithi za wazee wa Makunduchi. Tofauti ni kwamba mbwa mwitu walikuwa bado wako Canada. Januari 1995 wakaletwa 14 kutoka Alberta, wakawekwa kwenye mazizi ya waya kama wiki 10 wazowee wasikimbilie kwao, wakafunguliwa. Mwaka 1996 wakaja 17 wengine kutoka British Columbia. Leo ndani ya hifadhi wanazungukia 100, wanapanda wanashuka. Chui wetu hakuwa na Canada ya kumleta tena.

Wafugaji wa nje ya hifadhi walipinga na bado wananuna, na siwalaumu sana, ndama akiliwa ni pesa. Mbwa mwitu akivuka mpaka yuko kwenye sheria nyengine. Kulikuwa na jike mmoja akiitwa 06, kwa mwaka aliozaliwa, 2006, alilea kundi lake hapo Lamar na maelfu ya watu wamemuona kwa darubini, Disemba 2012 akatoka nje ya hifadhi upande wa Wyoming akapigwa risasi na muwindaji, kihalali kabisa.

Ile video inayozunguka kwenye simu kwamba mbwa mwitu wamerudi na mito ikabadilika njia, usiimeze yote kama ilivyo. Elki walipungua kweli na pahala pengine miti ya kando ya mito imeota tena, lakini dubu nao wameongezeka, simba wa milimani (paka mkubwa wa kule) yupo, watu wanawinda nje ya mpaka, na wataalamu mpaka leo wanabishana nani kafanya nini.

Kwa nini wasiwatupie nyama basi, wageni wakae kwenye viti waone karibu? Sie Kizimkazi mgeni akikosa pomboo anataka pesa yake. — Nahodha

Walishafanya nahodha! Hoteli za Yellowstone zilikuwa zinamwaga mabaki ya chakula jalalani, dubu wanakuja kila jioni, na hifadhi ikajenga viti vya ngazi wageni wakae waangalie dubu wakila takataka. Wengine barabarani wakawa ombaomba, wanachungulia madirisha ya magari. Majalala yakafungwa mnamo 1970, dubu waliozowea kula vya watu wakazidi kuleta balaa, wengi wakauliwa, na 1975 grizzly wa eneo zima lile wakawa 136 tu. Sasa wanakaribia 1,000, wanakula vyao, na viti hakuna. Hata kuiga mlio wa mbwa mwitu ili waje ni kosa, unapigwa faini. Ndo maana nikiona boti tano zinamkimbiza pomboo mmoja pale kwenu roho inaniuma, zimeni mashine mumngoje, na mgeni aambiwe ukweli kabla hajalipa: leo anaweza asiwepo.

Marekani viza hatupati. Afrika hakuna dubu na mbwa mwitu wa milimani? — Tumekata tamaa, Mwanakwerekwe

Dubu hakuna tena. Walikuwepo milima ya Atlas, Morocco na Algeria, wakamalizika karne ya 19. Lakini mbwa mwitu yupo, na si mbali: Ethiopia, Hifadhi ya Milima ya Bale. Mwekundu wa kutu, miguu mirefu, koo jeupe, hawazidi kama 500 duniani kote na wengi wao ndo hao wa Bale. Tena ni rahisi kumuona kuliko wa Lamar, kwa sababu chakula chake ni panya na fuko, na hao wanatoka mchana, basi na yeye anawinda mchana, peke yake, uwandani pasipo na miti, unamuona anavyonyata. Kinachommaliza ni kichaa cha mbwa anachoambukizwa na mbwa wa wafugaji.

Ndege za Addis Ababa zinatua hapa Unguja, uwanja wa Kisauni, na kutoka Addis mpaka Bale ni kama kilomita 400 kwa barabara. Uwanda wa Sanetti, wanakoonekana mbwa mwitu hao, uko juu ya mita 4,000, kwa hivyo usipande siku ya kwanza, lala Dinsho, mji mdogo wa hifadhi, kwenye kama mita 3,000 mwili uzowee, kichwa kikitulia ndo upande.