Ruhusa ya mgonjwa inaanza siku anayolazwa: uzoefu wangu na mfumo wa kompyuta wodini, Moshi

Mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema uko Arusha, hospitali yenu imefungiwa mfumo mpya wa kompyuta, mganga mfawidhi kakukabidhi kazi ya kupanga ruhusa za wagonjwa kupitia huo mfumo, na unauliza mnunue moduli gani (kipande cha kuongeza kwenye mfumo) ili wagonjwa waache kurudi wodini wiki moja baada ya kutoka. Waliotangulia wamekutajia programu. Mimi ni muuguzi, wodi ya wanaume ya magonjwa ya ndani hapa Moshi, huu mwaka wa kumi na nne. Moduli ya kukutajia sina. Ninaye mzee mmoja wa Marangu.

Mzee huyu aliletwa moyo umechoka, miguu imevimba kiasi kwamba ukibonyeza kidole shimo linabaki. Usiku ule nilikuwa zamu mimi. Nikamuuliza nyumbani anatumia dawa gani, akanitajia za presha na Lasix, ile ya kukojosha maji. Nikaingiza kwenye mfumo, kidirisha cha uuguzi: "Anatumia Lasix 40 mg nyumbani." Siku ya tisa, Ijumaa saa kumi jioni, akaruhusiwa. Intani, yaani daktari aliye mafunzoni, akamwandikia furosemaidi 40 mg kutwa mara mbili, famasia wakamtolea kwenye kibahasha cheupe, akaenda zake. Dawa ilikuwa sahihi na dozi ilikuwa sahihi. Ila Lasix na furosemaidi ni dawa ileile yenye majina mawili, na pakiti ya Lasix ilikuwa bado ipo kabatini kwake. Akanywa zote. Kwani si zote kapewa na daktari? Na ile "mara mbili" akaielewa asubuhi na usiku, kama ambavyo mimi na wewe tungeielewa.

Siku ya sita wakamrudisha wamembeba. Ulimi mkavu kama msasa, kreatinini, kipimo cha figo, imepanda, akisimamishwa presha inaporomoka, na kidonda juu ya jicho kwa sababu aliteleza usiku akienda choo cha nje. Nilipofungua mfumo, maneno yangu yalikuwa palepale, na saa niliyoandika, na jina langu. Kutoka ukurasa ambao intani aliandikia ruhusa ni kubofya mara tatu tu. Mfumo ulikuwa unajua kila kitu. Hakuna aliyeuuliza, na wenyewe haukufundishwa kusema usipoulizwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, angalia kitufe cha ruhusa kwenye mfumo wenu kimeunganishwa na nini. Chetu kilikuwa kimeunganishwa na bili. Daktari akibofya, kitu cha kwanza jina linatua kwa mhasibu. Ndugu wanaanza kupigiana simu kutafuta hela, bima inahakikiwa, hela ikikosekana wanaitwa ustawi wa jamii. Saa nne zinapotea kwenye pesa. Mgonjwa anakuja kuelezwa dawa akiwa ameshavaa viatu, boda linamsubiri getini na linataka kuondoka. Hapo hata umweleze kwa lugha ya malaika, hasikii.

Tulichofanya ni kuhamisha mambo kutoka siku ya mwisho kwenda siku ya kwanza. Kijana wetu wa TEHAMA (Mungu ambariki, alikuwa na subira kuliko sisi) akatengeneza fomu inayojitokeza yenyewe mgonjwa akishapewa kitanda. Toleo la kwanza lilikuwa na vipengele 31. Naikumbuka namba hiyo kwa sababu tulikuwa tunaandika "hakuna" mara 31. Wodi imejaa, wauguzi wawili, nani akae ajaze kitabu? Tukapunguza mpaka saba, na hivyo saba tulivibishania karibu mwezi mzima.

Kilicholeta ubishi mkubwa ni cha kwanza: nani atamtunza nyumbani. Wengine walisema tayari kipo, si kuna "ndugu wa karibu"? Kipo, ndiyo, lakini wote tunamjua ndugu wa karibu wa kwenye faili ni nani: mtoto aliyeko Dar anayetuma hela. Anayempikia uji na kumshika mkono kwenda chooni ni mjukuu wa darasa la sita, au mkwe anayepita jioni akitoka sokoni Mwika. Huyo ndiye wa kufundishwa dawa, na hayumo kwenye faili lolote. Sasa tuna nafasi mbili, anayelipa na anayemtunza. Anayemtunza tunamwomba afike wodini angalau siku moja kabla ya ruhusa. Nimewahi kumfundisha binti wa miaka kumi na miwili kumpima babu yake uzito kila asubuhi kabla ya chai na kuandika kwenye daftari la shule. Nilimwambia uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, asisubiri tarehe ya kliniki. Alikuwa makini kuliko watu wazima wote waliokuja kumwona yule babu.

Vingine havikuleta kelele. Namba ya simu, lakini na simu ni ya nani na inapatikana saa ngapi. Dawa zilizoko nyumbani, na hapa usikubali kutajiwa kwa mdomo, waambie ndugu walete mfuko wenyewe. Kutoka barabarani mpaka nyumbani ni mwendo gani na mteremko upoje. Choo cha ndani au cha nje. Zahanati ya karibu. Na kwa wa insulini, friji. Hili la friji watu wanalikosea: si lazima mgonjwa awe na friji. Chupa aliyoanza kutumia hukaa nje kama wiki nne, ikiwa mahali ni pa baridi na haipigwi jua, na chungu kilichofukiwa kwenye mchanga mbichi kinasaidia sana. Ila wa Mwika juu na wa Kahe kule chini kwenye joto hawawezi kupewa maelezo yaleyale, na kompyuta haitaijua hiyo tofauti mpaka mtu aandike kijiji.

Sasa dawa. Dawa za nyumbani na dawa za ruhusa siku hizi zinakaa kwenye skrini moja, kushoto na kulia, na ruhusa haifungi mpaka kila dawa ya kushoto ipewe hukumu: endelea, acha, au badilisha. Majina ya kibiashara mfumo unayageuza kuwa jina la dawa yenyewe, kwa hiyo Lasix ikiingizwa inasomeka furosemaidi. Madaktari walinuna. "Sista, mnatufunga mikono." Siku bingwa mmoja alipokuta nifedipini ya nyumbani imekaa ubavuni mwa amlodipini aliyokuwa anataka kuandika, zote za presha na za kundi moja, akacheka peke yake, akafuta. Tangu hapo sijasikia tena habari za kufungwa mikono.

Tulikosea jambo moja hapo. Tuliweka tahadhari kwa kila kitu, dawa hii na ile, figo, umri, mpaka mzio wa vumbi. Baada ya wiki mbili kila mtu alikuwa anabofya "sawa" bila kusoma, kidole kinakwenda chenyewe kama anayefukuza nzi. Tukazizima karibu zote. Zikabaki za dawa iliyojirudia, warfarini (ya kuzuia damu kuganda), insulini na figo. Tahadhari inasomwa ikiwa haiji mara kwa mara.

Kuna kipengele kingine ambacho naweza kukipigania hata mbele ya bodi: tarehe tarajiwa ya ruhusa. Daktari anaiandika ndani ya siku mbili za mwanzo. Walikataa, mmoja akaniambia yeye si mpiga ramli. Lakini si lazima tarehe iwe kweli, inaweza kubadilika kila raundi. Kazi yake ni kuwashtua watu. Mhasibu anaanza hesabu mapema, ndugu anapigiwa leo kwa ajili ya keshokutwa, famasia wanaandaa. Na ukiziona zote kwenye skrini moja ndipo unaona ni wangapi mnawatoa Ijumaa jioni, yaani mnampeleka mgonjwa kwenye siku mbili ambazo hata akipata shida anasema ngoja nisubiri Jumatatu. Tukakubaliana: mgonjwa wa moyo, wa insulini mpya na wa warfarini hatoki Ijumaa jioni labda awe amefundishwa tangu Alhamisi.

Aliyetaja hapo juu alama za LACE, za kukadiria mgonjwa yupi ana hatari ya kurudi, hajakosea. Zilitengenezwa Ontario, Kanada, zikachapishwa 2010. Zinahesabu siku alizolazwa, kama aliingia kwa dharura, magonjwa mengine aliyonayo, na mara ngapi amefika idara ya dharura miezi sita iliyopita. Jumla ni 19, akifika 10 anahesabiwa wa hatari. Tulizijaribu. Vitatu vya mwanzo vinatusaidia. Cha nne ndicho kinatudanganya. Mgonjwa wetu kapita zahanati ya kijijini, kapita duka la dawa, kalazwa hospitali nyingine ambayo mfumo wake hausomani na wetu, na kompyuta inamwandikia sifuri. Mbaya zaidi, asiye na nauli haji kabisa, kwa hiyo kwa hesabu ya kompyuta yeye ndiye salama kuliko wote. Programu nyingi za nje utaziona zinahangaika na siku 30. Hiyo ni kwa sababu Marekani tangu Oktoba 2012 hospitali inakatwa malipo wagonjwa wa magonjwa kadhaa wakirudi kupita kiasi ndani ya muda huo. Wetu hurudi dawa zikiisha au hela ya dawa ikiisha, na hiyo tarehe tunaijua siku tunayowapa kibahasha. Iwekeni hiyo kwenye mfumo.

Kuhusu karatasi ya kwenda nayo nyumbani, ngoja nikupe kisa kimoja, utanielewa. Bibi wa kisukari, wodi ya jirani. Mfumo ukamchapia: insulini 07:00 na 19:00. Hajui Kiingereza, namba anazijua vizuri sana. Akawa anajichoma saa saba, yaani mchana, akishamaliza kula. Ya 19 akaiacha, maana saa kumi na tisa ndiyo saa gani? Sukari ikawa inacheza anavyotaka shetani, na kwenye kompyuta yetu kila kitu kilikuwa sawasawa. Siku hizi karatasi inatoka "saa moja asubuhi, kabla ya chai" na "saa moja jioni, kabla ya chakula". Herufi kubwa, Kiswahili, hakuna 1×2. Furosemaidi ya mara mbili inaandikwa saa mbili asubuhi na saa nane mchana, mtu asikeshe chooni. Kisha karatasi unaishika wewe, unamwambia: "Haya baba, umefika nyumbani, nionyeshe utakunywaje." Akikosea, aliyekosea kueleza ni wewe, rudia. Inachukua dakika tano. Mfumo una kisanduku cha kutiki kwamba umefanya hivyo, na mimi nakuonya mapema: watu watatiki bila kufanya. Siku moja moja simama nyuma yao.

Simu ya siku ya tatu inafanya kazi kuliko SMS. SMS wengi wanadhani ni tangazo. Na SMS kamwe isitaje ugonjwa wala jina la dawa. Simu ya kijijini inasomwa na nyumba nzima, na wapo wagonjwa ambao mke hajui, au mume hajui. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, aibu tu ingetosha. Hilo liende na ile tabia ya kupiga picha faili na kuitupia WhatsApp ya wodi ili daktari aliyeko nje aone. Kama mfumo hauwezi kumfikishia, mpigie simu umsomee. Nakala ya ruhusa kwa zahanati bado tunampa mgonjwa mkononi, halafu tunampigia mganga wa zahanati. Si teknolojia ya kujivunia, lakini inafika.

Umeme ukikatika au mfumo ukiwa chini, tuna daftari gumu lenye vipengele vilevile saba kwa mpangilio uleule, linafungwa kwa kamba mezani. Usiruhusu daftari liwe na maswali tofauti na kompyuta, utajuta siku ya kuhamisha.

Ungetaka kuanza wiki hii bila senti, omba orodha ya wagonjwa kumi wa mwisho waliorudi ndani ya wiki mbili. Kaa na kijana wenu wa TEHAMA, mfungue mmoja mmoja, mtafute kilichowarudisha kilikuwa kimeandikwa wapi. Sisi kati ya kumi tulikuta saba kiliandikwa mahali. Ndipo mtajua mnahitaji kununua nini, au kusogeza kidirisha kipi.

Mzee wa Marangu yupo. Huja kliniki na kikapu cha ukili, anamwaga dawa zote mezani bila kuambiwa, anakaa kunitazama. Mwezi uliopita nikaona pakiti mpya ya Lasix katikati ya zile zake.

"Hizi tena, mzee wangu?"

"Hizo si zangu, mama. Za jirani. Aliona miguu yangu ilivyopona, akaniomba nije kukuuliza kama na zake zinafaa."

Nikamwambia amlete jirani mwenyewe. Wamekuja Jumanne, na kikapu cha pili.