Kovu la nyonga: mbele au nyuma?

Dada, umeuliza kama mama akibadilishiwa nyonga kwa kupasuliwa mbele kovu litakuwa dogo kuliko la nyuma. Si lazima, kinachobadilika zaidi ni mahali. La nyuma hukaa ubavuni mwa tako, la mbele hushuka upande wa mbele wa paja, sehemu ya juu. Madaktari wengine wanaopitia mbele huchana kwa kufuata mkunjo wa kinena: ngozi haivutwi sana, kovu huwa jembamba, ila ganzi ya paja upande wa nje inaweza kubaki. Kama aliwahi kuota keloidi (kovu linalovimba na kukua kupita jeraha), hata ya kutoboa masikio, aseme mapema. Mkifika kliniki ya mifupa ya hospitali ya KCMC, Moshi, muulizeni daktari amezoea njia ipi. Mimi ningefuata hiyo. Kovu kitenge kitafunika.