Vidole vinavyolegea kufikia pambano la tatu

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mwanangu hucheza judo, na siku ya mashindano, kufikia pambano la tatu, vidole vyake hushindwa kushika koti la mpinzani ingawa miguu bado ina nguvu. Je, ni uvivu wa mazoezi? (Msomaji, Kikuyu, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Si uvivu. Pambano la watu wazima huchukua dakika 4, bila kuhesabu muda wa nyongeza, na karibu muda wote huo misuli ya chini ya kiwiko hubaki imekazwa kwenye ukosi na mikono ya koti, hali inayobana mishipa na kupunguza damu inayopita. Ndiyo maana nguvu ya kushika hushuka pambano baada ya pambano. Lakteti, yaani kemikali ambayo misuli huitengeneza inapofanya kazi kwa nguvu, na inayosingiziwa mno kuleta maumivu ya kesho yake, hupungua kwa nusu katika takriban dakika 20, na upesi zaidi mchezaji akitembeatembea badala ya kujilaza. Glikojeni, yaani akiba ya wanga ndani ya misuli, ndiyo hukawia: huhitaji karibu saa 24 za kula vizuri. Kwa hiyo, kati ya mapambano mpatie ndizi mbivu na maji ya kunywa kidogo kidogo, kwani katika hewa kavu ya Dodoma jasho hukauka kabla halijaonekana. Ganzi ya vidole ikiendelea hadi siku ya pili, aonwe na daktari.