Jibu: Timu ya media kanisani wote tuhamie iPhone? Mkuu ACHA

Mkuu mleta mada usinunue. Kafute hiyo oda kwanza halafu ndo uendelee kusoma. Umeandika timu yenu ya media ina milioni 6, mnataka kuhamia Apple yote ili "muwe na kiwango", wenye Android "watafute pa kukaa", unauliza mchukue Mac gani, maiki gani za kwaya na laivu ya YouTube inakula bando kiasi gani. Hapo kwenye watafute pa kukaa nimejiona mimi wa 2021, nikaona aibu peke yangu ndani ya daladala.

Nilikuwa kiongozi wa media usharika fulani Mwanza. Nina iPhone ya mkopo, kona imepasuka, lakini mdomo utadhani nina hisa California. Harambee ya vyombo ikaleta milioni 5 na laki 4, humo ndani kuna hela za kina mama wa dagaa na sadaka za watoto wa shule ya Jumapili. Nikasafiri mpaka Dar kwa jamaa mmoja wa duka la simu anayejiita mshauri wa teknolojia ya makanisa, cheo kajipa mwenyewe kama mitume wa siku hizi, akaniambia mtumishi, Mungu hapewi cha bei rahisi. Nikamuuliza projekta yetu ni ya VGA, ule waya wa zamani, itakubali? "Mac inakubaliana na kila kitu." Popote ulipo ndugu, nakusamehe saba mara sabini kama tulivyoagizwa, ila mimi nahesabu na tumeshafika 480.

Nikarudi na MacBook Air moja na iPad mbili. Sasa sikiliza, hela wala sio iliyoniumiza. Kilichoniumiza ni tangazo nililorusha usiku ule ule kwenye grupu la WhatsApp: kuanzia leo picha ni AirDrop tu, slaidi Keynote tu, biti za kwaya GarageBand tu, zote tatu mali ya Apple, wenye simu za tochi mtatusamehe. Na vikatuni vya kucheka nikaweka. Timu ilikuwa watu 11, wenye iPhone wanne! Ibada ikiisha tunarushiana picha sisi wanne pale mlangoni, wengine wamesimama wanatuangalia kama watoto wa jirani siku ya Krismasi. Kasome 1 Wakorintho 11, Paulo anavyowagombeza waliokuwa wanawahi kula chakula chao wenyewe huku wenzao wana njaa, utadhani na yeye alikuwepo pale mlangoni.

Kulikuwa na kaka mmoja mpiga kinanda. Tecno yake imefungwa selotepu, laptopu ya Windows inawaka kwa maombi, lakini miaka sita biti zote za kwaya katengeneza yeye kwenye programu ya muziki ya FL Studio, bure, hata soda hatujawahi kumnunulia. Nikamwambia mbele za watu aanze upya kwenye GarageBand. Akasema kwa upole hiyo kwenye Windows haipo. Nikamjibu ndo maana tunakwambia ubadilike. Watu wakacheka, na yeye akacheka, na kile kicheko chake ndo mpaka leo kinanikosesha raha nikishika simu.

Jumapili ya mavuno mkuu wa jimbo yupo. Mac ile ina matundu mawili tu ya USB-C, projekta ni VGA, adapta niliyouziwa ni ya HDMI, waya wa aina nyingine kabisa. Nikakimbilia laptopu ya katibu, faili ni la Keynote, PowerPoint haitaki hata kulisikia. Biti ziko kwa mpiga kinanda na mpiga kinanda siku hiyo hakuja. Kwaya imesimama, ukuta mweupe, mkuu wa jimbo anautazama kama anasubiri ule mkono wa kwa mfalme Belshaza kwenye Biblia utokee uandike. Nilitamani utokee kweli, angalau tungekuwa na slaidi.

Adapta tulinunua kesho yake elfu 35. Mpiga kinanda alihama kanisa na watu wawili nyuma yake, nilienda kwake mara tatu kuomba msamaha, alinipokea vizuri, chai nilikunywa, lakini hajarudi.

Na unagombana kwa niaba ya nani? 1997 Boston, Steve Jobs mwanzilishi wa Apple katangaza jukwaani kwamba Microsoft inaweka dola milioni 150 Apple, Bill Gates wa Microsoft katokea kwenye skrini kubwa, mashabiki wakazomea, na Jobs mwenyewe akawaambia waache fikra kwamba ili Apple ishinde lazima Microsoft ishindwe. iPhone X ya 2017 kioo ni cha Samsung. 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe injini ya kutafutia kwenye Safari, kile kivinjari cha Apple, hiyo ilitoka kwenye kesi mahakamani Marekani. Wenye mali wanakula sahani moja, sisi huku tunanyimana picha za mavuno! Na walijua wanachofanya, miaka ya 80 Guy Kawasaki cheo chake pale Apple kilikuwa mwinjilisti, sitanii. Wale wa Korintho wa mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo, walau walikuwa wanagombania wahubiri, sisi chaja.

Kwa hiyo shika hili moja: kitu chochote kabla hakijanunuliwa kifunguliwe kwanza kwenye simu dhaifu kuliko zote kwenye timu. Hakifunguki? Hakiingii kanisani, hata kama kimetolewa bure. Slaidi PowerPoint au PDF, biti mp3, picha tuma WhatsApp kama dokumenti zisipungue ubora. Na msije kuniita mtu wa Android hapo chini, hapa naandikia iPhone, ile ile, na kona bado imepasuka.

Kuhusu maiki... ulisema kwaya watu wangapi vile? Tuliache kwanza. Jumapili mtafute mwenye simu mbovu kuliko wote kwenye timu yenu, muulize ni simu gani na imebakiza nafasi kiasi gani, uje uandike hapa hapa. Na kama humjui ni nani, hiyo milioni 6 msiiguse.