Mdogo wako: soba hausi au kliniki?

Dada, umeuliza kama mdogo wako, aliyemaliza hela za korosho kwenye mikeka ya kubeti, apelekwe soba hausi (nyumba ya kukaa walioacha ulevi) Dar au atibiwe kliniki akiwa nyumbani Masasi. Mimi ningeanza na nyumbani.

Kamari haina arosto (mateso ya kuacha) ya mwili kama ya unga, ile inayotaka mtu alazwe aangaliwe. Tiba inayotegemewa zaidi ni mazungumzo: mtaalamu anamsaidia kugundua kinachomvuta, na kuzichambua zile imani za "nimechaniwa na timu moja tu, kesho narudisha". Ni vikao, mara nyingi kimoja kwa wiki, na anayajaribu aliyojifunza palepale kishawishi kilipo. Soba hausi watamnyang'anya simu, sawa. Akitoka anarudishiwa ileile, na minada ya korosho ya Oktoba hiyo hapo, hela mkononi. Tena soba hausi nyingi zimewekwa kwa ajili ya dawa za kulevya, uliza kabla hujalipa.

Kulazwa kuna wakati wake: anakunywa sana pia, au kliniki imeshindikana. Akitaja kujiua, hospitali siku hiyohiyo.

Anzieni Mkomaindo, hospitali ya hapo Masasi; mtaalamu wa afya ya akili akikosekana, ombeni rufaa ya Ligula, hospitali ya mkoa kule Mtwara. Huku pesa, kwa ridhaa yake, ashike wifi yako. Madeni yaandikwe yote, hata mikopo ya simu. Na mama asimlipie kimyakimya (mama zetu tunawajua): deni likifutika mchana, jioni anabeti tena.