Umeandika μ, simu imesoma m: maswali yenu kuhusu alama zinazogeuka

Wiki hii meza yangu hapa Ngamiani, Tanga, imejaa maswali ya ugonjwa mmoja. Faili limeandikwa kwenye kompyuta ya zamani, limefunguliwa kwingine, na alama zimegeuka. Naanza na la mdogo wetu wa Chumbageni, na nitakaa nalo zaidi ya mengine kwa sababu linagusa uhai wa mtu.

Nasoma uuguzi. Nimerithi notsi za dawa kutoka kwa dada aliyenitangulia, ziko kwenye Word. Kwenye kompyuta yake zinasomeka "misoprostol 200 μg". Nilipozibandika kwenye kundi letu la WhatsApp zikatoka "misoprostol 200 mg". Sikugusa kitu. Imekuwaje? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Mdogo wangu, kabla hujaendelea kusoma, rudi kwenye kundi ufute ujumbe ule kwa wote na uwaeleze wenzako kwa nini. Mikrogramu 1000 ndizo zinazofanya miligramu 1. Aliyesoma ujumbe wako amesoma dozi iliyozidi mara elfu.

Sasa chanzo. Kompyuta haihifadhi umbo la herufi, huhifadhi namba yake. Namba ya m ndogo ni 109. Kazi ya fonti ni kuamua namba 109 ichorwe vipi kwenye kioo. Fonti iitwayo Symbol, iliyokuwamo kwenye printa ya leza ya Apple ya mwaka 1985 na baadaye ikaingia Windows, ilitengenezwa zama ambazo fonti moja haikuwa na nafasi zaidi ya 256. Herufi za Kigiriki hazikuwa na viti vyao, zikakalishwa kwenye viti vya herufi tulizozizoea: kwenye a ikachorwa α, kwenye b β, kwenye p π, na kwenye m ikachorwa μ. Dada yako aliandika m, akaivika Symbol. WhatsApp haibebi fonti. Imeivua m vazi lake, ikabaki m.

Wakati mwingine badala ya m hutokea kisanduku kitupu. Hiyo ni kwa sababu Windows huzihamishia alama za fonti za aina hii kwenye eneo la faragha, yaani namba zisizo na herufi maalumu, na m ya Symbol hupewa msimbo F06D (6D ni ileile 109, imeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita kama misimbo yote hapa chini), ambao simu haina umbo lake. Watu hukasirika wakiona kisanduku. Mimi nakiona ni heri, kwa kuwa anayekiona anajua kuna kitu kimepotea. Hiyo "mg" inasomeka vizuri kabisa, na hapo ndipo ilipo hatari.

Dawa yake ni Yunikodi, mfumo mmoja wa namba kwa maandishi ya dunia nzima. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, na leo lina nafasi 1,114,112, kwa hiyo hakuna herufi inayolazimika kukaa kwenye kiti cha mwenzake. Humo μ ya Kigiriki ina msimbo wake, 03BC, na inabaki μ uiweke fonti yoyote. Kwenye Word ya Windows andika 200, acha nafasi, andika 03bc, kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja. Itageuka μ halisi.

Lakini nakusihi usijaribu kuzitengeneza notsi kutoka kwenye ule ujumbe wa WhatsApp. Humo zimo "mg" za kweli, kama za paracetamol 500 mg, na "mg" zilizozaliwa na ajali hii, na hakuna programu duniani inayoweza kuzitenganisha. Ushahidi pekee wa ipi ni ipi ni ile fonti, nayo imebaki kwenye faili la mwanzo. Mwombe dada yako faili lenyewe, si nakala iliyobandikwa mahali. Na kwa dozi, hata ukishajua kuandika μ iliyo sahihi, andika "mikrogramu" kwa kirefu au mcg. Wauguzi na wafamasia wengi wamekwisha kuiacha alama hiyo hata kwa kalamu, maana mkono wa haraka nao huigeuza m.

Daftari la kikundi chetu cha kuweka na kukopa lina safu ya waliolipa na wasiolipa. Kwenye kompyuta ni alama ya vema na alama ya kosa. Kwenye simu ya mwenyekiti kila mtu ana u yenye vitu kichwani. Tumekaribia kugombana. (Mweka hazina, Pongwe)

Hizo ni alama za fonti ya Wingdings. Vema imekalia kiti cha ü, na kosa kiti cha û. Tazama vizuri: yenye nukta mbili kichwani amelipa, yenye kikofia hajalipa. Kwenye kioo kidogo zinafanana mno, kwa hiyo mwenyekiti asimdai mtu kwa kutazama simu.

Fungua faili kwenye kompyuta, weka ✓ ya Yunikodi (2713) na ✗ (2717). Kwa fedha za watu, mimi ningeandika "amelipa" na "bado", basi.

Nafundisha fizikia. Nina mitihani niliyoitunza tangu 2003. Sasa "ukinzani 10 Ω" unatoka "10 W", na "x ≤ 5" inatoka "x £ 5". Nimetumia kutafuta na kubadilisha kwa kufuata fonti ya Symbol. Nyingine zinapatikana, nyingine Word inazipita kana kwamba hazipo. Nifanyeje bila kuanza upya? (Mwalimu, Muheza)

Mwalimu, shikamoo. Swali lako nimelipenda, kwa kuwa umeona kitu ambacho wengi hawakioni: Word ina njia mbili za kuweka alama hizi, na kila moja inatibiwa kivyake.

Njia ya kwanza ni kuandika W kisha kuichagulia fonti ya Symbol. Hizi ndizo unazozipata ukitafuta kwa fonti. Zibadilishe moja moja au kwa mafungu, ukiweka herufi ya Yunikodi na kurudisha fonti ya kawaida. Usikisie kwa sauti, kwani si zote zinazolingana: q ni θ, c ni χ, y ni ψ. Kwenye alama ni zaidi, maana kiti cha £ kina ≤, cha ³ kina ≥, cha ´ kina alama ya kuzidisha, cha ¹ kina ≠, na cha Ö kina kipeuo √. Fikiria mwanafunzi anayesoma "x ³ 5" akidhani ni x kwa kipeo cha tatu. Jedwali kamili la Symbol, lililoandaliwa na Adobe, Muungano wa Yunikodi umeliweka wazi kwenye tovuti yake. Ω utaiona mara mbili humo, kama herufi ya Kigiriki (03A9) na kama alama ya ohm (2126). Chagua 03A9. Yunikodi yenyewe inapendekeza hivyo, na ukichanganya zote mbili, siku ya kutafuta utapata nusu.

Njia ya pili ni ile ya kuingia kwenye menyu ya kuingiza alama na kuichagua Ω kwenye dirisha la Symbol. Hapo Word huifungia. Ukiweka kishale juu yake, sanduku la fonti litakuambia Times New Roman, yaani fonti ya maneno yaliyoizunguka, na ukiiuliza kwa makro, yaani programu ndogo ya ndani ya Word, itajibu kwamba ni mabano ya kufungulia. Ndiyo maana utafutaji wako unaipita.

Hizi nazitoa hivi. Kama faili ni la zamani, la .doc, lihifadhi kwanza kuwa .docx. Tengeneza nakala, mkia wake ubadilishe uwe .zip, kwa sababu .docx ni mfuko wenye mafaili ndani. Fungua folda ya word, kisha document.xml, na utafute w:sym. Utakuta kitu kama hiki:

<w:sym w:font="Symbol" w:char="F057"/>

Ondoa F0 ya mbele, inabaki 57, ambayo ni kiti cha W, yaani Ω. Badilisha kipande chote kiwe <w:t>Ω</w:t>, hifadhi kwa UTF-8 (namna ya kawaida ya kuhifadhi Yunikodi kwenye faili), rudisha kwenye mfuko, rudisha mkia wa .docx. Ukiwa na programu ya kuhariri maandishi, Ω zote mia mbili zinabadilika kwa amri moja. Usisahau kwamba vichwa vya kurasa na tanbihi viko kwenye mafaili mengine ndani ya folda ileile.

Kila unapomaliza mtihani mmoja, chapisha wa zamani na mpya, uvisome pembeni kwa pembeni. Ohm iliyogeuka wati ni swali lingine kabisa, na mtoto atakayelikosa hatajua kwamba kosa halikuwa lake.

Milinganyo iliyotengenezwa kwa kile kihariri cha zamani cha Word, Equation Editor, ni jambo jingine. Microsoft ilikiondoa Januari 2018 kwa sababu za usalama. Milinganyo ile bado inaonekana na kuchapika, ila kuihariri unahitaji programu ya MathType, Word mpya inayoweza kuigeuza, au kuiandika upya.

Assalaamu alaykum. Nina kasida na tenzi za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, zilichapwa kwa programu ya zamani. Zikichapishwa ni nzuri, lakini nikitafuta neno ninaloliona kwa macho yangu, kompyuta inasema halipo. (Ustadhi, Pangani)

Wa alaykumu ssalaam, ustadhi. Kama ujuavyo kuliko mimi, herufi ya Kiarabu hubadili umbo ikiwa mwanzo, kati, mwisho au peke yake. Programu za zamani hazikujua kuunganisha, zikahifadhi kila umbo kama herufi tofauti. Ba yako moja ina misimbo minne, FE8F hadi FE92. Unapoandika ba leo kwenye kibodi unaandika 0628, herufi yenyewe, na fonti ndiyo inayoiunganisha. Kwa hiyo unatafuta 0628 ndani ya faili ambalo halina hata moja.

Kuna utaratibu wa Yunikodi uitwao NFKC, unaorudisha maumbo yote kwenye herufi yake ya asili. Lugha ya kuandikia programu iitwayo Python inao, na kazi ya miaka inafanyika kwa dakika. Nina tahadhari mbili. Alama moja ya ﷺ itafunguliwa kuwa herufi 18 pamoja na nafasi, kwa hiyo mizani ya ukurasa itabadilika. Na utaratibu huohuo hugeuza m² kuwa m2, basi uupitishe kwenye maandishi ya Kiarabu peke yake. Programu nyingine za zamani zilihifadhi mstari kinyumenyume, kutoka kushoto. Jaribu kwanza ubeti mmoja.

Na hili naliomba kwa heshima. Ukikuta mshairi ameandika p kwa ba, usimwekee پ wakati wa kuhamisha. Kuhamisha ni kazi moja, kusahihisha imla ni kazi nyingine, na ya pili inastahili faili lake.

Orodha yangu ya mifugo ikifunguliwa kwenye Excel inaandika "ngâ€™ombe". Nifute kila mahali? (Karani, Korogwe)

Usifute, wala usihifadhi. Wewe una ugonjwa wa kinyume: data yako ni nzima, msomaji ndiye anayekosea. Ile koma ya juu iliyopinda imehifadhiwa kwa UTF-8 kama baiti tatu, E2, 80 na 99, na Excel inazisoma kama herufi tatu za mfumo wa zamani wa Windows. Funga bila kuhifadhi, kisha liingize faili kupitia menyu ya Data na uchague 65001, UTF-8. Ng'ombe wako watarudi.

Bosi wangu kila barua pepe anamaliza kwa herufi J. Ni jina la nani? (Katibu muhtasi, Tanga mjini)

Anatabasamu. Outlook iligeuza alama yake ya tabasamu kuwa J ya Wingdings, na kwako fonti hiyo haipo.

Marehemu baba alikusanya maneno ya Kizigula kwenye kompyuta ya zamani, kwa fonti aliyopewa na rafiki. N kubwa ndiyo inayoonekana ŋ. Kuna mtu anataka kuinunua kompyuta. Nikihamishia mafaili kwenye fleshi yanatosha? (Handeni)

Hayatoshi, kaka. Fonti za namna hiyo kila mtengenezaji alizipanga atakavyo, na jedwali lake huenda liko ndani ya kompyuta hiyo tu. Chukua na faili la fonti lenyewe, kutoka C:\Windows\Fonts. Kisha fungua ukurasa mtupu, andika kila kitufe cha kibodi kwa fonti ya kawaida, kidogo na kikubwa, na mbele yake kitufe hichohicho kwa fonti ya baba. Chapisha karatasi hiyo. Hifadhi pia mafaili yote kama PDF, na fonti zikiwa ndani yake, ili siku zote tuwe na cha kulinganishia. Kwa vitu hivyo vitatu, ŋ zitapata msimbo wao, 014B, na N za kweli, za mwanzo wa majina ya watu, zitabaki N.

Mwambie mnunuzi asubiri hadi hayo yote yawe mkononi mwako. Karatasi ya vitufe inachukua kama nusu saa. Ukikwama, beba kompyuta yenyewe uje nayo Ngamiani.