Fundi anataka kukata DPF ya pikapu yangu. Nimruhusu?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mkulima wa viazi, niko Njombe. Mwaka jana nilinunua pikapu ya dizeli, dabo kebini ya mwaka 2017, iliyotumika Uingereza. Miezi mitatu ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Sasa kila baada ya wiki mbili taa ya DPF, lile chujio la masizi kwenye ekzosi, inawaka, kisha gari linaishiwa nguvu, hata kilima kidogo linapanda kwa gia ya pili. Fundi alipima kwa mashine ikatoa namba ya kosa P2463, akaifuta, ikarudi. Anasema magari haya hayafai kwa mazingira yetu, dawa ni kukata DPF, kuziba EGR (vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) na kufleshi kompyuta, yaani kubadilisha programu yake, na baada ya hapo gari litakuwa jepesi na kula mafuta kidogo. Anataka laki sita. Wenzangu wawili wamefanyiwa hivyo na wanasifia. Nimruhusu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimruhusu. Swali lako nalipata karibu kila wiki, kinachobadilika ni jina la mji tu, na kila mara ndani yake kuna maneno yaleyale: mashine imesema. Mashine haikusema DPF ni mbovu. P2463 maana yake ni kwamba masizi ndani ya chujio yamezidi kiwango ambacho kompyuta inakiruhusu, basi. Nani kayaleta masizi hayo, na kwa nini hayakuungua yenyewe njiani, hilo mashine haijui. Anayetakiwa kulijua ni fundi, na ndiyo maana unamlipa.

Kitu muhimu kuliko vyote umekitaja mwenyewe ukapita: miezi mitatu ya kwanza ilikwenda vizuri. Chujio la masizi halihitaji miezi mitatu kujaa. Likishindwa kujisafisha, kilomita mia chache zinatosha. Kama tatizo lingekuwa barabara za Njombe au dizeli ya Njombe, ungeliona ndani ya mwezi wa kwanza. Maana yake kuna kitu kimeharibika katikati, na bado kinaendelea kuharibika wakati wewe na fundi wako mnabishana kuhusu bomba la ekzosi.

Mimi ningeanzia kwenye mpira wa intakula, kile kipoza hewa ya tabo (turbo). Ule mpira mnene unaotoa hewa kwenye tabo kuipeleka intakula, na mwenzake unaoirudisha kwenye injini. Hupasuka upande wa chini, pale klipu inapobana, ambapo macho hayafiki. Gari likiwa limesimama linanguruma kawaida, mpasuko umejifunga. Ukikanyaga mafuta ukiwa na mzigo, presha ya tabo inaufungua na hewa inapotea. Dizeli imeingia ya kutosha, hewa haitoshi, na dizeli isiyopata hewa inakuwa masizi. Masizi yote hayo yanakwenda kwenye chujio. Mwambie fundi afungue klipu, autoe mpira wote, aukunje kwa mikono miwili kwenye mwanga. Ukiwa mzima utauona mweusi na safi. Ukiwa umepasuka, pembeni mwa ufa kuna utando wa mafuta ulioshika vumbi, unatia alama kidoleni. Kwenye gereji yangu nimekuta mipira ya namna hiyo kwenye magari ambayo yalishaandikiwa hukumu ya kukatwa DPF, tabo mpya na pampu mpya.

Kama mipira ni mizima, nenda kwenye nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Hizi si nozeli za pikapu za zamani. Presha kwenye reli, bomba linalogawa dizeli kwa nozeli zote, inaweza kupita bar 2,000, na matundu ya ncha ni membamba karibu sawa na unywele. Maji kidogo kwenye dizeli, dramu la shambani lisilofunikwa, mchanga wa kwenye mpira wa kunyonyea, na nozeli moja inaanza kudondosha badala ya kupuliza. Kipimo hakihitaji mashine ya bei mbaya. Unachomoa mipira midogo ya mafuta yanayorudi, unaunganisha kila nozeli na chupa yake ndogo ya plastiki, unaacha injini ngurumo ya kawaida dakika chache. Chupa tatu zikiwa na kiasi kinacholingana na ya nne ikiwa imejaa mara mbili, umempata mgonjwa. Nyongeza: kipimo hicho kinaonyesha nozeli inayovujisha kurudi nyuma. Inayodondosha kwa mbele, ndani ya silinda, inaonekana kwenye marekebisho ambayo kompyuta inaifanyia kila nozeli, na mashine yenye programu ya maana inayasoma. Na ukibadilisha nozeli, ile namba ndefu iliyochorwa kichwani mwake lazima iingizwe kwenye kompyuta. Wengi hawaingizi, kisha wanasema vipuri vya siku hizi ni feki.

EGR yenyewe isafishwe, isizibwe. Kuna pia sensa inayopima tofauti ya presha kabla na baada ya chujio, yenye vimipira viwili vidogo. Kimoja kikipasuka au kuziba, kompyuta inasoma uongo. Kuvibadilisha ni kazi ya nusu saa.

Hukuniambia unaitumiaje pikapu. Masizi yanaungua ekzosi ikifika nyuzi joto kama 550 hadi 600, na joto hilo halipatikani kwa safari ya shamba hadi gulioni, wala kwa kuacha injini ikinguruma asubuhi kwa sababu kuna baridi. Ikiwa safari zako nyingi ni fupi, mara moja kwa wiki ipakie mzigo, ingia lami ya Makambako, injini iwe kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500, nusu saa bila kusimama. Ukisikia feni inavuma kwa nguvu na ngurumo imepanda kidogo ukiwa umeegesha, usizime, linachoma masizi. Mtu anayezima katikati ya kazi hiyo kila siku analijaza chujio kwa mkono wake.

Sasa nirudi kwa fundi wako, maana wa namna yake wamekuwa wengi na wananiumiza roho.

Akikata DPF na kufleshi kompyuta, taa itazima na gari litavuta. Kwa muda. Wenzako wanasifia kwa sababu kizuizi kimeondoka, lakini nozeli inayodondosha bado inadondosha na mpira uliopasuka bado umepasuka. Tofauti ni kwamba sasa hakuna kitu cha kuwaambia. Alikuja kwangu mzee mmoja, pikapu yake alikuwa ameinunua kwa mkopo wa chama cha akiba. Ilikatwa DPF kwingine, ikaenda miezi mitano ikisifiwa, kisha ikaanza kugonga. Nilipofungua silinda hedi, pistoni ya tatu ilikuwa na tundu lililoingia ncha ya kidole changu kidogo, kingo zake zimeyeyuka kama nta. Nozeli ya silinda hiyo ilikuwa inamwagia dizeli juu ya pistoni siku zote. Taa ya DPF ndiyo ilikuwa ikimwita. Nozeli moja ambayo haikubadilishwa ilimgharimu injini nzima, na marejesho ya mkopo hayakusimama kumsubiri.

Tena muulize fundi wako swali hili: atakachokitoa ndani ya chujio atakipeleka wapi? Ndani mle kuna sega la kauri ambalo kwa kawaida limepakwa madini ya thamani, platinamu na paladi, na lina wanunuzi. Kuna gereji zinazokutoza kwa kukata, kisha zinauza ulichokatiwa. Ukimsikia fundi anang'ang'ania kukata kabla hajafungua hata klipu moja, jua kwamba anaweza kuwa na hesabu nyingine. Na uhakikishe kwanza kama kauri bado imo, kwa sababu zipo pikapu zilizoingia bandarini zikiwa tayari zimetobolewa, bomba limechomelewa vizuri kwa nje. Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililotoka kiwandani na DPF likikutwa halina, linafeli ukaguzi wa mwaka. Mwenye gari la namna hiyo anapenda kuliuza mbali.

Hiyo kauli kwamba magari haya hayafai kwa mazingira yetu nimeichoka. Dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa kiwango cha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Ulaya wako kwenye 10, kwa hiyo sikudanganyi kwamba tuko sawa, lakini si ile dizeli ya enzi za pampu za zamani. Wala sisemi viwanda havikosei. Australia mwaka 2022 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba magari ya dizeli ya Toyota aina ya Hilux, Fortuner na Prado yaliyouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 yalikuwa na kasoro katika mfumo wa DPF. Yalihusika zaidi ya magari 260,000. Angalia lakini kasoro yenyewe ilivyokuwa: mfumo haukuwa unachoma masizi vizuri, na kiwanda kilileta vipuri na programu ya kuurekebisha. Hata pale kosa lilipokuwa la mtengenezaji, tiba ilikuwa kuuwezesha mfumo ufanye kazi.

Na moshi huo unakwenda wapi? Shirika la WHO linalotafiti saratani liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Vibarua wako wanakaa nyuma juu ya magunia. Pikapu ikipanda mlima bila chujio, moshi unaowarudia ni huohuo.

Usikubali pia dawa za kumimina kwenye tangi zinazouzwa kwa ahadi ya kufungua DPF kwa siku moja, wala kuchomoa chujio na kulipiga maji ya presha lingali la moto. Kauri inapasuka ndani bila wewe kuona. Na ukimwaga oili, nunua ile yenye majivu kidogo, iliyoandikwa ACEA C2 au C3 au JASO DL-1 kulingana na kitabu cha gari. Masizi yanaungua, majivu ya oili hayaungui kamwe, yanabaki humo hadi chujio life. Oili ya dramu isiyo na jina ni adui wa gari hili kuliko barabara yoyote ya vumbi.

Kuna jambo moja sitaki lisubiri. Leo jioni, injini ikiwa imepoa na gari liko mahali tambarare, chomoa kijiti cha oili. Gari linaloshindwa kumaliza kuchoma masizi mara kwa mara huweza kuteremsha dizeli kwenye oili. Kipimo kikiwa juu ya alama ya mwisho, na ukinusa unapata dizeli, hiyo safari ya Makambako niliyokushauri usiifanye, wala usiwashe. Oili ikizidi hivyo injini inaweza kuivuta na kujiendesha yenyewe kwa kasi hata ukizima ufunguo, na fundi akichelewa hata dakika moja kuiziba hewa, inavunjika. Mwaga oili kwanza, weka mpya na chujio lake jipya, viazi vya wiki hii vipakie kwenye gari la jirani. Kisha mwite fundi aanze na mpira wa intakula, nawe uwe umesimama hapo.